Mjane na Khabari katika Njia ya Unyanyembe

Mtu ashukaye katika stesheni ya Tabora na kutembea mpaka kata ya Chemchem hupita chini ya miembe mikubwa. Wenyeji husimulia kwamba miembe hiyo ni watoto wa kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, na kwamba mtu akitaka kuijua njia ya zamani iendayo pwani, na afuate miembe. Mimi sikusudii hapa kuandika khabari za biashara ya njia ile, ambazo wenzangu wamekwisha kuziandika kwa hesabu ya frasila za pembe na doti za merikani. Nataka kuuliza jambo moja la nyumbani, ambalo vitabu vyetu hulipita kama msafara upitavyo kaburi la kando ya njia. Mwanamke aliyebaki Unyanyembe, mumewe akafunga mzigo akaenda Ujiji, au Manyema, au pwani, na huko akafa: ujane wake ulianza siku gani?

Swali hili laonekana jepesi. Msomaji atajibu mara moja kwamba ulianza siku aliyokufa mume, na hivyo ndivyo wasemavyo wanavyuoni walio wengi. Lakini siku hiyo mke alikuwa akitwanga, akiteka maji, pengine akicheka na jirani. Alikuwa mjane naye hajui. Nani awezaye kumlilia mtu ambaye kwake yu hai? Kwa hiyo twaona kwamba katika nchi ya misafara palikuwa na saa mbili: saa ya kifo na saa ya khabari, na baina ya hizo mbili palikuwa na maili mia nyingi za pori.

Yafaa kwanza kuupima umbali huo. Waarabu na Waswahili walianza kukaa Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, yapata katikati ya karne ya 19, wakajenga matembe yao kwa idhini ya watemi wa nchi. Mtemi aliyejulikana sana wakati huo alikuwa Fundikira, ambaye binti yake Karunde aliolewa na Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip. Basi tangu mwanzo mji huu ulikuwa wa ndoa zilizofungwa baina ya waliokaa na waliosafiri. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, Burton alihesabu kwamba ilikuwa siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe, isiyo na wazungu wagonjwa wala punda wa kukokota, ilikwenda upesi zaidi; hata hivyo, mtu aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo na kurudi alikuwa amejitoa nyumbani kwake kwa msimu mzima, na mara nyingi zaidi.

Sasa natuiweke namba hiyo ya 134 kando ya namba nyingine. Eda ya mwanamke aliyefiwa na mumewe, kwa amri ya Kurani katika sura ya Bakara, ni miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo ni siku 128, kuzidi au kupungua moja au mbili. Yaani safari ya Burton kutoka pwani hadi Kazeh ilikuwa ndefu kuliko eda. Lau mtu angalikufa Bagamoyo siku ile msafara ulipoondoka, na khabari ya kifo chake ikafungwa ndani ya mzigo wa msafara ule, basi ingalipofika kwa mkewe Unyanyembe, siku zake zote za kukaa kizuka zingalikuwa zimepita kwa karibu juma zima.

Hapo ndipo sheria inapokutana na njia. Mafakihi waliulizana zamani, kabla hapajakuwa na Tabora, juu ya mwanamke aliyefikiwa na khabari baada ya muda. Walio wengi, na madhehebu ya Shafii yafuatwayo pwani yetu ni miongoni mwao, walisema kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, awe alijua au hakujua. Ikiwa muda umekwisha kabla khabari haijafika, basi eda imekwisha, naye yu huru. Wengine, na kauli hii yasimuliwa kwa Sayidna Ali, walisema huhesabiwa tangu siku ya khabari. Nakiri kwamba nilipoisoma tofauti hii mara ya kwanza, katika ujana wangu, niliiona kuwa jambo la wanafunzi wa chuo kushindania. Sasa siioni hivyo. Kauli ya kwanza ina rehema yake: haimfungi mwanamke mara mbili, haimwambii aliyekwisha kukaa mwaka peke yake kwamba na akae tena. Bali humwachia jambo moja zito, nalo ni kwamba humpa uhuru kabla hajapewa nafasi ya kulia. Asubuhi ana mume. Adhuhuri anaambiwa kwamba hana, na kwamba hana pia eda. Jioni aweza kuposwa.

Watu wa pwani wana maneno mengi kwa ajili ya zile siku za katikati, na maneno hayo si bure. Kuna tanzia, yaani khabari ya kifo. Kuna kukaa matanga, na neno hilo ni lile lile la matanga ya chombo. Kuna kuanua matanga, siku ya tatu au zaidi, watu warudi kazini. Kuna kizuka, mwanamke akaaye ndani bila mapambo wala manukato. Na kuna kutoka eda, aoge, avae, aonekane. Kila neno ni ngazi, na mfiwa huteremka ngazi moja moja mpaka akakanyaga ardhi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyefiwa na mumewe Bwana Mataka mwaka 1856, alizipita ngazi hizo katika visiwa vyake, kati ya watu walioijua siku na saa ya kifo. Na mwaka 1858, mgonjwa, alimtungia binti yake utendi ambamo mume yule atajwa kwa utulivu wa mtu aliyeagana. Mwaka huo huo wa 1858 Burton na Speke walikuwa wakipita na kurudi Kazeh. Yule wa Unyanyembe, mwenziwe Mwana Kupona kwa ujane, ngazi alizopewa zilikuwa zimekatwa katikati.

Hata hivyo sheria haikumwacha mikono mitupu. Madhehebu ya Shafii huruhusu sala ya maiti wa ghaibu, kwa kufuata khabari kwamba Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Habeshi, maiti akiwa mbali ng'ambo ya bahari. Wanavyuoni wa Hanafi na wa Maliki hawakuikubali. Nafikiri ni jambo la kutazamwa kwamba madhehebu iliyoenea katika bandari za Bahari ya Hindi, kwa watu wa vyombo na misafara, ndiyo hii iliyomruhusu mtu kusimama mbele ya mahali patupu na kusali kana kwamba jeneza lipo. Sala hiyo huhesabiwa tangu khabari. Ni saa ya pili ikipewa haki yake.

Lakini sala ya ghaibu yataka yakini, na yakini ndiyo bidhaa iliyokuwa adimu kuliko zote katika njia ile. Msomaji na akumbuke mfuko wa barua za David Livingstone. Ulifungwa Unguja, ukaandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Ukalala Bagamoyo siku zipatazo mia. Ukafika Unyanyembe, ukalala tena. Hata Stanley alipouchukua na kumkabidhi mwenyewe huko Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, ulikuwa umetimiza mwaka. Na hizo zilikuwa barua za mtu maarufu, zenye balozi wa kuziulizia. Je, mpagazi wa Unyanyembe, asiyejua kuandika, aliyeachwa nyuma na msafara kwa sababu ya ndui, nani alimwandikia? Burton aliona njiani maiti za wapagazi waliokufa kwa ndui, zimelala pale zilipoanguka. Wenzao walikuwa na mizigo ya watu begani, na Mgunda Mkali mbele yao, ambako maji ni machache na anayesimama hufa. Waliporudi, kirangozi aliweza kusema tu kwamba fulani aliugua, tukamwacha. Aliugua: hakusema alikufa. Baina ya maneno mawili hayo mwanamke aweza kukaa miaka kumi.

Mafakihi humwita mtu wa namna hiyo mafkudi, aliyepotea, asiyejulikana kuwa hai wala kuwa maiti. Yasimuliwa kwamba Khalifa Umar alimhukumia mke wa mafkudi angoje miaka minne, kisha akae eda ya mjane, kisha aolewe akipenda. Na Imamu Malik akafuata njia hiyo. Imamu Shafii alikuwa na kauli hiyo hiyo zamani, alipokuwa Iraki. Halafu, baada ya kuhamia Misri, akairudi. Kauli yake mpya, ndiyo iliyotegemewa na wafuasi wake, ni kwamba mke angoje mpaka ipatikane yakini. Yasimuliwa pia kwa Sayidna Ali kwamba mwanamke huyo ni mtu aliyejaribiwa, na asubiri. Basi hapa msomaji na atazame ajabu hii: katika suala la kwanza, la khabari iliyochelewa, rai ya Ali ilikuwa laini kwa moyo wa mjane, katika suala la pili, la khabari isiyofika, rai inayonasibishwa naye ni ngumu kama jiwe. Wala sioni kwamba zapingana. Zote mbili zashikilia kwamba mtu haachi mpaka ajue.

Na wale waliomfuata Umar walilazimika kujibu swali jingine: mume akirudi? Walisema mume atapewa hiari baina ya mke wake na mahari yake. Kwa hiyo hata baada ya miaka minne na eda, na mume mpya, na pengine mtoto mgongoni, mlango haukufungwa kabisa. Mtu aweza kutokea jioni moja kwenye njia ya Tura, amekonda, ana kovu, akauliza nyumba yake.

Nimesema mengi juu ya sheria ya Kiislamu, na haki yanidai nikumbushe kwamba wapagazi wengi wa Unyamwezi hawakuwa Waislamu katika miaka hiyo, na wake zao hawakuhesabu eda kwa kitabu. Walikuwa na mizimu ya wazee wao, vibanda vya matambiko, na miiko. Imani moja yatajwa mahali pengi katika Afrika Mashariki, hasa kwa wawindaji wa ndovu, kwamba mwenendo wa mke nyumbani humfuata mume porini. Mke akikosa uaminifu, ndovu hupata nguvu juu ya mumewe. Imani hiyo yaonyesha mapenzi, maana yasema kwamba wawili ni kamba moja hata wakiwa mbali. Bali ilikuwa na uchungu wake. Mahali panapoaminiwa hivyo, mjane hupokea khabari mbili kwa mara moja: kwamba mumewe amekufa, na kwamba watu wameanza kumtazama. Mtu wa namna hii hulia kwa hadhari.

Labda ndiyo sababu moja ya wanawake wengi kutobaki. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na wanawake ndani yake, wakibeba vyungu, na mikeka, na watoto, na waandishi wa safari huwataja kwa mstari mmoja kisha wakarudi kwenye pembe. Katika msafara wa mwisho wa Livingstone tunawajua watatu kwa majina: Halima, mpishi, mke wa Amoda, Misozi, mke wa Susi, na Ntaoeka, ambaye Livingstone, alipokuwa akingoja wapagazi Kwihara mwaka 1872, alimtaka achague mume kati ya watu wake, naye akawa mke wa Chuma. Watatu hao hawakuhitaji kungoja khabari ya mtu. Walikwenda nayo.

Kwihara iko yapata kilomita 10 kutoka mjini Tabora, na tembe lililojengwa upya pale ni nyumba ya makumbusho. Wageni huonyeshwa mahali Livingstone na Stanley walipokaa pamoja mpaka Stanley akaondoka Machi 1872. Ningependa nao waelezwe kwamba mtu yule aliyebaki peke yake barazani, akingoja mpaka Agosti, alikuwa mjane. Kiswahili humwita mwanamume pia kwa jina hilo, ingawa sheria haimwekei eda. Mkewe, Mary, alikufa kwa homa Shupanga, kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Mume alikuwapo. Hakukosa khabari, hakukosa kaburi, hakukosa saa. Juu ya hayo yote, miaka sita baadaye, Juni 1868, katika misitu ya upande wa Bangweulu, alipokuta kaburi dogo lililonyunyiziwa unga na kutupiwa shanga, aliandika katika daftari lake kwamba angependa kulala katika kaburi la namna ile, kwenye msitu mtulivu, kisha kalamu yake ikarudi Shupanga kwa mkewe. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kujua siku kunatosha. Kunampa mtu mahali pa kuanzia. Safari yenyewe ni yake.

Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi kama mfano wa uaminifu wa watumishi, na masimulizi hayo hunichosha, kwa sababu yawafanya watu wazima kuwa kama mbwa wa bwana wao. Mimi nawasoma kama watu wa njia ile, walioijua shida ya khabari kuliko mtu yeyote. Walijua kwamba wakirudi mikono mitupu na kusema "amekufa", wataulizwa: mmemwona? amezikwa wapi? msije mkawa mmemkimbia? Basi waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi katika gome, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Chitambo na watu wake walikuwa wamemwomboleza kwa desturi zao, akaletwa mwombolezaji aliyevaa njuga za mbegu miguuni, akacheza na kuimba. Hivyo maombolezo yalifanywa pale pale, kwa saa ya kifo. Walichobeba kilikuwa yakini, kwa ajili ya watu wa saa ya pili.

Barua ya Jacob ilitangulia, ikafika Kwihara Oktoba 1873 mkononi mwa Luteni Cameron, aliyekuwa akilala kwa homa. Msafara ulipofika, Cameron aliwashauri wamzike marehemu hapo Unyanyembe. Shauri hilo lilikuwa la busara. Njia ya mbele ilikuwa ya hatari, na watu wa nchi nyingi hawakupenda maiti ipite katika ardhi yao. Wakakataa. Walipofika Kasekera, ng'ambo kidogo ya Unyanyembe kuelekea pwani, hatari ile ikatokea. Ndipo walipoufunga mwili upya, ukawa kama robota la nguo, na wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakaivika sanda, wakawapa watu sita waipeleke nyuma, wakitangaza kwamba wamekubali kwenda kumzika Unyanyembe. Wale sita walipofika mbali porini waliyatawanya mabua, wakatoka njiani mmoja mmoja kwa kurukia majani marefu wasiache nyayo, wakarudi kwa wenzao.

Watu wa Kasekera, kwa kadiri tujuavyo, walitulia. Waliona mzigo unarudi kwenda kuzikwa, na hilo lilitosha. Nimekifikiria sana kisa hiki. Robota lenye mtu ndani halikumlilisha mtu, maana lilikuwa robota. Mabua ya mtama yalipewa njia na heshima, maana yalikuwa maiti. Sisemi haya kwa dhihaka.

Siku chache mbele, binti mdogo wa msafara ule, jina lake Losi, akiwa na mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka. Hakuishi hata nusu saa. Wakamzika kando ya njia, wakaendelea. Mwili wa daktari ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili. Losi hakukaushwa kwa chumvi. Jina lake limebaki kwa sababu tu Susi na Chuma, walipokaa Uingereza mwaka 1874 wakimsimulia Horace Waller, walikumbuka kulitaja.

Hapa niruhusiwe kutoka katika njia kuu kidogo. Mimi nilifiwa na mke nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada yangu ya mwisho. Khabari haikuchelewa. Simu ililia saa tisa usiku, na shemeji yangu akanieleza kwa maneno matano, naye akiwa bado hospitali. Katika hesabu za njia ya Unyanyembe, saa ya kifo na saa ya khabari zilikuwa zimegusana. Lakini maziko yetu hayangoji ndege. Nilipofika nyumbani ilikuwa siku ya nne, mikeka imekwisha kukunjwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe. Mama mkwe alinipeleka kaburini, akanionyesha upande wa kichwa. Udongo ulikuwa umekwisha kukauka juu. Watu walikuwa wameteremka ngazi zote, nami ndio kwanza nimefika mlangoni, na kwa kuwa mimi ni mwanamume, sikuwa na eda ya kukaa, wala mtu wa kuniambia leo ni siku ya ngapi. Nilirudi masomoni. Kwa mwaka na zaidi nilikuwa nikiipiga namba yake ya simu, si kwa kutaraji jibu, bali ili nisikie ile sauti ya mashine ikisema kwamba haipatikani. Maana "haipatikani" ni neno la mafkudi, si neno la maiti. Usiku mmoja namba ikapokelewa. Alikuwa kijana wa kiume, mwenye adabu, akaniambia amenunua laini hiyo juma lililopita. Nikamwomba radhi. Kama kuna siku niliyoanza kuhesabu, ni hiyo; na nilihesabu miezi minne na siku kumi, ingawa hakuna aliyenitaka nifanye hivyo, nikitia alama katika kalenda ya ukutani. Siku ya mwisho nilizigawa nguo zake.

Basi nikarejea kwenye nyaraka zangu, nikazisoma kwa jicho jingine. Nilikuwa nimezoea kuuliza mpagazi alilipwa nini. Nikaanza kuuliza ni nani aliyekuwa akimngoja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na mtu angedhani kwamba mambo ya khabari isiyofika yalikoma hapo. Yalizidi. Mwaka huo wa 1914 vita vilianza, na majeshi ya pande zote yakarudisha mizigo vichwani mwa watu, kwa wingi ambao misafara ya pembe haikuujua kamwe. Wabelgiji waliitwaa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wakiwa na wapagazi wao kutoka Kongo. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini na wapagazi wao. Waingereza walikuwa na kikosi chao cha wachukuzi, ambacho jina lake la Kiingereza liligeuka katika vinywa vyetu kuwa Kariakoo. Walikufa makumi ya maelfu, wachache kwa risasi, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Walikuwa wameandikwa kwa namba. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu yao ilibaki katika vitabu vya serikali, kwa sababu wenyewe hawakurudi kuichukua na jamaa zao hawakutafutwa wakapatikana. Baadaye zilisimamishwa sanamu za shaba Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Majina ya wachukuzi hayakuandikwa juu yake.

Fedha hizo zisizochukuliwa ndizo zinazonisumbua kuliko sanamu. Katika serikali yoyote, karatasi ya mshahara wa marehemu ingalikuwa tanzia: karani wa wilaya angalimwita mwanamke, akamsomea jina, akamhesabia rupia, na mwanamke angalirudi kijijini akijua. Hata rupia zikiwa chache. Karani hakumwita. Mume akabaki katika hali ile ya kirangozi: aliugua, tukamwacha.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya waliokufa katika vita vile wasikumbukwe sawa na wenzao. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wajane wao walikuwa wamekwisha kufa zamani. Khabari ilipofika haikuwa na jina hata moja ndani yake, na kazi ya kuyatafuta majina hayo katika vitabu vya wilaya, ikiwamo ya Tabora, ndiyo ninayowapa sasa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Huanza na safu ya mwisho ya daftari, ile iliyoachwa wazi kwa ajili ya jina la mrithi.